Kolwezi: nyama ya nguruwe ya Kichina yapikwa kwenye mbabula

Mjini Kolwezi, mkoani Lualaba, Wachina walifuata shaba na kobalti, na chakula chao kikaja pamoja nao. Wakaaji wengi wanakijua kwa kukiona tu, katika mikahawa au katika kambi za kampuni za madini ambako Wakongomani hufanya kazi za jikoni.

Mama mmoja wa watoto wanne alifanya kazi hiyo miaka mitatu. Alimenya vitunguu, alikata nyama na kuosha sufuria, lakini karai la mpishi hakuruhusiwa kuligusa. Mpishi Mchina hakujua Kiswahili, naye hakujua Kichina. Ila macho yake yalifuata kila kitu: kipi kinaingia motoni kwanza, kipi kinafuata. Mkataba ulipomalizika, elimu hiyo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Chakula alichokipenda zaidi ni nyama ya nguruwe yenye mchuzi mtamu na mchachu. Ni chakula maarufu cha Guangdong, kusini mwa Uchina, jimbo la mji wa Guangzhou ambako wafanyabiashara wa Kongo huenda kununua bidhaa.

Nyumbani anapika hivi. Nusu kilo ya nyama isiyo na mafuta mengi anaikata vipande vidogo. Anaitia chumvi, kijiko cha mchuzi wa soya na yai moja, anaiacha dakika 20, kisha anaviringisha kila kipande katika maizena. Anaikaanga mara mbili katika mafuta mengi: mara ya kwanza ili iive ndani, na ikiisha kupumzika kidogo, mara ya pili kwa moto mkali, dakika moja tu, ili ganda liwe kavu. Kwenye mbabula, moto mkali maana yake ni makala mapya na kupepea kwa nguvu.

Mchuzi ni vijiko 3 vya sukari, 3 vya siki, 2 vya tomate ya mkebe, 1 cha soya, nusu kikombe cha maji na maizena kidogo ya kuufanya uwe mzito. Anauonja kabla ya kutia nyama. Siki ikiuma ulimi, anaongeza sukari. Vitunguu, pilipili hoho na nanasi huingia kwanza, kisha mchuzi. Nyama huingia mwisho, watu wakiwa wamekwisha kukaa. Ikingoja, ganda linalainika na kazi yote imepotea.

Bwana wake hakufurahi. Sukari ndani ya nyama aliivumilia. Mafuta ndiyo yaliyomuuma. Chupa nzima kwa mlo mmoja, na sasa nyumbani umebaki mshahara mmoja? Mama hakubishana. Aliyachuja mafuta, na juma lile samaki na sombe vilipikwa kwa mafuta hayohayo. Watoto walikula nyama ile kwa bukari, wakapangusa sahani kwa vidole.

Jumapili iliyofuata alipika tena. Jirani aliyevutwa na harufu akauliza: « Mama, sahani moja utaniuzia ngapi? »

Hakuwa na jibu. Bwana wake ndiye aliyechukua kalamu, akaanza kuhesabu: nyama, mafuta, sukari, makala, kisha jasho la mpishi. Alipofika hapo aliinua kichwa, akamwuliza mke wake aandike ngapi.