Farasi wa Sura ya Tatu

Ndugu msomaji, kabla ya yote naomba nikiri jambo moja. Katika riwaya yangu, ile niliyoanza kuiandika mara tu baada ya kumaliza kidato cha nne, kuna farasi. Yumo kwenye sura ya tatu. Anaitwa Radi. Ni mweusi tii, anapanda mlima usiku kucha bila kunywa tone la maji, na shujaa wangu humrukia mgongoni kutoka juu ya paa la nyumba. Niliposoma sura hiyo maskani kwetu Arusha, washikaji walipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimewahi kumgusa farasi. Angeniuliza ningejibu nini? Farasi nilikuwa nawaona kwenye video tu.

Basi, mwezi wa sita mwaka 2023 nilikuwa nimechacha vibaya. Mjomba wangu, ambaye hupeleka pumba kwa wafugaji, akaniletea habari. Kuna mahali upande wa magharibi wa Kilimanjaro wanafuga farasi wa kupandisha wageni. Safari ya siku tano inakuja, watalala kwenye mahema mlimani, na wanatafuta kijana wa kusaidia maandalizi kwa wiki tatu. Malipo elfu kumi kwa siku, na siku za safari yenyewe elfu ishirini.

Nilipiga hesabu palepale. Pesa za wiki tatu zingekwenda kwa mama, maana deni la kodi ya nyumba lilikuwa linamnyima usingizi. Laki moja ya safari ilikuwa yangu. Dada mmoja wa steshenari alikuwa amenikadiria laki moja kuuchapa muswada wangu kwenye kompyuta, kaunta buku nne nzima. Isitoshe, ningepanda mlima na farasi! Mwandishi gani angekataa?

"Ulishawahi kukaa na farasi?" mjomba aliniuliza.

"Nawajua vizuri tu," nikamjibu. Ndiyo uongo wangu wa kwanza katika kisa hiki.

Nilishuka Boma Ng'ombe, nikadandia Noah ya Sanya Juu, nikamalizia kwa bodaboda. Niliyemkuta bandani ni mzee mmoja mfupi, mkimya, ambaye amekuwa saisi tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama viatu, kisha akanipa koleo. Wiki ya kwanza yote, ndugu zangu, sikupanda farasi. Nilizoa kinyesi.

Nilidhani najua Kiswahili, lakini bandani nilianza chekechea upya. Neno hatamu, kwa mfano, nililijua kutoka kwenye masomo ya historia: enzi za chama kimoja tulikuwa tunaambiwa chama kimeshika hatamu. Kumbe hatamu ni kitu cha ngozi, unaweza kukinusa, na kinatakiwa kupakwa mafuta kisikatike mlimani. Lijamu ni kile chuma cha mdomoni. Vikuku ni vya kuingiza miguu. Na siku Mzee aliponiambia, "Kijana, kamtandike Karanga," nilibaki nimesimama nikijiuliza farasi wa watu kakosa nini hata nimchape. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kumtandika farasi ni kumwekea tandiko.

Karanga ndiye niliyekabidhiwa. Jike la rangi ya karanga iliyokaangwa, mpole, mwenye tabia ya kukupumulia shingoni ukiinama. Kila asubuhi nilianza na miguu yake. Unainua mguu mmoja mmoja, unachokoa kwato kwa kijichuma, unatoa udongo na kokoto, unanusa. Ukisikia harufu ya kuoza unaita mkubwa. Mzee alikuwa na msemo wake: "Farasi ni kwato. Ukiondoa kwato, ulichonacho ni kilo mia nne na hamsini za nyama zilizosimama."

Kumbe mlima haupandwi siku ya safari. Unapandwa wiki tatu kabla. Wiki ya kwanza farasi walitembezwa saa moja kwa siku, tena tambarare. Wiki ya pili saa mbili. Wiki ya tatu walipandishwa vilima, wakashushwa, wakapimwa pumzi. Mzee angesimama na saa yake ya mkononi, kiganja kikiwa nyuma ya kiwiko cha farasi, anahesabu mapigo ya moyo. Yule ambaye moyo wake ulichelewa kutulia hakuongezewa kazi siku iliyofuata.

Na hapo Radi wangu akaanza kufa. Farasi hunywa lita ishirini na tano kwa siku, na kwenye kazi na joto anaweza kufika hamsini. Ndiyo maana kambi zilipangwa kwa kufuata maji, wala si kwa kufuata mandhari. Jioni kabla jua halijazama tuliwaingiza wote bandani, hasa kwa sababu ya visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma usiku na kueneza ugonjwa hatari wa farasi. Chanjo walikuwa wamechanjwa, lakini Mzee hakuacha kuwaingiza. Nikawaza: shujaa wangu na Radi wanatembea msituni usiku kucha! Farasi pia hawezi kutapika. Akila kitu kibaya tumbo linamsokota na anaweza kufa. Kwa hiyo pumba ya safari ilitakiwa kuwa ileile waliyoizoea, si ya kununua njiani. Niliyaandika yote haya usiku kwa tochi ya simu, kwenye kurasa za mwisho za kaunta buku ya nne.

Wiki ya pili tulifanya mambo ambayo mpita njia angedhani tumechanganyikiwa. Tulisimamisha hema katikati ya uwanja tukalipeperusha. Tulivaa makoti ya mvua ya plastiki tukazunguka farasi tukipiga kelele. Farasi akiona kitu kama hicho kwa mara ya kwanza mlimani, penye bonde kushoto na mgeni mgongoni, unaweza kuzika mtu. Tulifunga kamba ndefu kati ya miti miwili, juu kuliko migongo yao, tukawazoesha kulala wamefungwa hapo. Nilijifunza fundo la kufyatua: linashika farasi asiondoke, lakini wewe ukivuta ncha linafunguka mara moja. Usiku tembo wakipita karibu hutakuwa na muda wa kuhangaika na mafundo, na upande ule wa mlima tembo wana njia yao ya kwenda na kurudi Amboseli, ng'ambo ya mpaka.

Mifuko ya matandiko tuliipima kwa mizani ya kuning'iniza. Kulia kilo sita, kushoto kilo sita. Nilipoweka kopo moja la maharage upande mmoja, Mzee alilitoa, akaniambia, "Wewe kopo hili hulihisi. Yeye atalibeba siku tano."

Wageni nao waliulizwa uzito wao mapema. Mtu pamoja na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi. Kwa Karanga hiyo ni kilo tisini.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Jumanne ya wiki ya mwisho Mzee aliniruhusu kumtandika Karanga mwenyewe, bila kunisimamia. Nilikuwa na haraka, maana siku hiyo ningempanda kilimani kwa mara ya kwanza. Blanketi la chini ya tandiko lilikuwa limelala kwenye majani. Nililikung'uta mara moja tu, nikaliweka, nikakaza mkanda wa tumboni, huyo nikapanda. Msomaji, sitasahau! Upande mmoja niliuona Mlima Meru umetulia, na mbele yangu theluji kidogo ya Kilimanjaro. Karanga alitikisa kichwa mara mbili tatu, akapunguza mwendo. Nikadhani ni uvivu. Nikamsukuma kwa visigino, kama anavyofanya shujaa wangu.

Niliporudi na kumvua tandiko nikaikuta mbigili imenasa kwenye blanketi. Moja tu. Na mgongoni kwa Karanga, pale ilipokuwa, palikuwa na joto. Jioni pakavimba, uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku. Nikimgusa, ngozi yote inatetemeka.

Nikanyamaza.

Nilijua kabisa natakiwa kusema. Lakini nilijiambia: kesho patanywea. Nikisema nitaonekana sijui kazi, mwingine atachukuliwa, na laki yangu ndiyo basi, muswada ndiyo basi. Jumatano na Alhamisi zilikuwa siku za kupumzisha farasi, hakuna aliyemtandika. Mimi ndiye niliyempiga brashi, na nilihakikisha mimi ndiye. Mzee akipita nilisimama upande ule wa uvimbe. Karanga hakunisemea, maana hana mdomo wa kusemea. Aliendelea kunipumulia shingoni kama kawaida.

Ijumaa usiku mizigo yote ilikuwa imefungwa. Mahema, sufuria, kamba, dawa, makoti ya baridi, maana juu ya mita elfu mbili usiku wa mwezi wa sita si mchezo. Ubao wa bandani ulikuwa umeandikwa kwa chaki nani atapanda nani. Karanga alipangiwa binti wa mgeni mmoja, mtoto wa miaka kumi na minne ambaye mchana ule alikuja kumlisha karoti na kumbusu puani. Nilisoma ule ubao mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu. Nikamwona mtoto yule juu ya ule uvimbe, saa tano kwa siku, siku tano. Nikaona ngozi inafunguka. Au Karanga, kwa maumivu, anaruka penye korongo. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Wahenga hawakusema kama kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Saa nne usiku nikagonga mlango wa Mzee.

Hakunifokea. Alivaa koti, akachukua taa, tukaenda. Alipoweka vidole mgongoni, Karanga akarudi nyuma. Mzee akauliza tu, "Tangu lini?"

"Jumanne, Mzee."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kuumiza farasi, hata mimi nimewahi. Lakini siku tatu, mwanangu? Ungeniambia Jumanne tungempa Radu kazi pole pole. Sasa naye anaingia mzigoni bila kujiandaa."

Radu ni yule farasi wa akiba. Alfajiri akafutwa Karanga ubaoni, akaandikwa yeye, na kiongozi akafupisha mwendo wa siku ya kwanza kwa ajili yake. Nami Mzee akanipangia kazi yangu: "Aliyeuumiza mgongo ndiye atakayeuuguza. Utabaki."

Waliondoka jua likichomoza. Wale farasi saba walipopotea nyuma ya miti, Karanga alilia kuwaita, sauti ndefu. Mmoja akamjibu kwa mbali. Halafu kimya. Nawaambieni ukweli, nilijifanya naokota koleo.

Siku tano nilimwagia mgongo wake maji baridi asubuhi na jioni, nikafagia, nikazoa kinyesi. Uvimbe ukanywea. Niliambiwa walivyorudi kwamba kule juu waliona mawingu yakiwa chini yao. Niliambiwa. Sikuona. Na siku zile nililipwa elfu kumi kumi, nusu ya nilichotegemea, kwa hiyo muswada wangu mpaka leo uko kwenye kaunta buku.

Nikiwa kule kule bandani niliichana sura ya tatu. Mpya nimeiandika mara nne. Radi sasa si mweusi tii, anatembea kwa miguu minne kama viumbe wengine, na kabla ya safari shujaa wangu anakung'uta blanketi. Ukurasa mzima anakung'uta blanketi. Washikaji wa maskani wameniambia sura imepoa, irudishwe ile ya paa. Labda wanasema kweli, sijui. Ila nikiisoma mwenyewe, naisikia pumzi ya Karanga shingoni.

Mzee aliponiaga alinipa ile mbigili. Kumbe aliiokota pale nilipoitupa. Ninayo hapa mezani ninapoandika, ndogo kuliko punje ya mahindi. Alisema nikipata nafasi nirudi safari nyingine, lakini nitaanza tena na koleo.