Likizo Pap Onditi kwa Gari la Fahari
Ukitaka kukodi gari la fahari mjini Kisumu uende nalo likizo Pap Onditi, iache ile Mercedes ya chini. Lami haina neno: utapita Ahero penye mashamba ya mpunga, ufike Katito, ukate kulia. Kazi iko kwenye njia ya kuingia bomani kwenu. Udongo mweusi wa Nyakach ukinyeshewa hunasa magurudumu, na trekta la kukuvuta utalilipia mwenyewe. Chukua Prado. Kabla ya kutia sahihi, uliza kama bima inakubali barabara za udongo. Ukiwa na nafasi, fika Ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay, ukatazame heroe. Shangazi zako nao watataka lifti ya kwenda sokoni Katito. Mafuta ni yako.