Chuo cha Wafinyanzi cha Suleja

Tunapotaja chuo, wengi wetu huwaza mwalimu aliyetoka mbali na wanafunzi wasiojua kitu. Chuo cha ufinyanzi cha Suleja, katika nchi ya Nigeria, chatuonyesha jambo jingine.

Suleja ni mji ulio karibu na makao makuu ya Nigeria, nao zamani uliitwa Abuja. Serikali ilipoamua mwaka 1976 kujenga mji mkuu mpya, jina hilo lilipewa mji huo mpya. Chuo chenyewe kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Mwingereza Michael Cardew, mfinyanzi aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni. Aliwafundisha vijana kutumia gurudumu, kuvipaka vyombo rangi ya kung'aa kama kioo, na kuvichoma katika joko lenye moto mkali wa karibu digrii 1,300, hata maji yasiweze kupenya.

Lakini wenyeji walikuwa na ufundi wao. Katika nyumba ya Emir wa Abuja, Cardew aliona vyungu vizuri mno vilivyofinyangwa na Ladi Kwali, mwanamke wa kijiji cha Kwali aliyejifunza kazi hiyo nyumbani tangu utotoni. Mwaka 1954 mama huyo aliingia chuoni. Alijifunza mambo mapya, wala hakuuacha ufundi wake. Alipanga kamba nene za udongo, moja juu ya nyingine, huku chungu kimetulia na yeye mwenyewe akikizunguka kinyumenyume. Kisha alikitia nakshi za mijusi, nge, nyoka na samaki.

Mtu anayeanza ufinyanzi wa mkono yafaa aanze na bakuli dogo. Kwanza aukande udongo vizuri ili kutoa vijiwe na hewa, maana hivyo huweza kukipasua chombo. Kisha achukue donge la kujaa kiganja, alididimize katikati kwa kidole gumba pasipo kutoboa chini, na kuuminya ukingo polepole huku akiligeuza. Akitaka bakuli kubwa zaidi, aongeze kamba za udongo na kuziunganisha kwa kidole, ndani na nje.

Adui wa mwanafunzi ni haraka. Ukuta ukiwa mnene hapa na mwembamba pale, upande mmoja hukauka mbele ya mwenziwe, na bakuli hupata ufa. Kwa hiyo huanikwa kivulini siku kadhaa, wala halitiwi motoni likiwa na unyevu, kwa kuwa maji yaliyobaki hugeuka mvuke na kulivunja. Kasoro ya umbo nayo hutengenezwa mapema. Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji.

Katika miaka ya 1970 alifika huko binti wa Kenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikuwa amekwisha kusoma sanaa Uingereza, lakini kwa wanawake wa Abuja alijifunza kujenga chungu kwa mkono. Leo vyombo vyake, vyekundu na vyeusi, visivyoguswa na gurudumu, vimo katika majumba makubwa ya makumbusho, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame.

Ladi Kwali alifariki mwaka 1984. Chuo kilipewa jina lake, na picha yake imo katika noti ya naira 20.

Nasi je? Katika vijiji vyetu sufuria na ndoo za plastiki zimechukua mahali pa chungu na mtungi, na kila bibi mfinyanzi afapo bila mwanafunzi, elimu yake huzikwa naye. Haidhuru kutumia sufuria. Hasara ni kupoteza ujuzi ambao wengine husafiri nchi za mbali kuutafuta. Mwenye bibi ajuaye kazi hii na aende akakae karibu naye, akande udongo, aanze na bakuli moja.