NILIKWENDA LINDI NA NJANO, NIKARUDI SINA RANGI

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kusimama Nangurukuru alfajiri ukiwa umevaa jezi ya Yanga, halafu konda wa gari unalolisubiri akawa Simba, usiniambie kwamba unaijua adha ya usafiri. Jamaa alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akacheka peke yake, kisha akanipeleka kiti cha nyuma kabisa, kati ya gunia la korosho na mama mmoja mwenye kuku wawili. "Bingwa kaa hapo," akaniambia. Nikakaa. Ningefanyaje?

Ilikuwa Jumamosi, Novemba 20, 2021. Yanga walikuwa wanacheza na Namungo Uwanja wa Ilulu, mjini Lindi, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba mechi hiyo sitaiangalia kwenye kibanda umiza cha pale Kilwa Masoko. Lazima niende mwenyewe, nione kwa macho yangu.

Kwanza nikueleze kwa nini nilikuwa na kiherehere. Simba walikuwa wamebeba ubingwa misimu minne mfululizo, na Yanga mara ya mwisho kuchukua kombe ilikuwa msimu wa 2016/17. Miaka yote hiyo sisi watu wa njano pale kijiweni tulikuwa hatuna usemi. Ukitaka kuchangia hoja hata ya bei ya dagaa, unaambiwa, "Wewe nyamaza, kwanza chukueni kombe." Sasa msimu wa 2021/22 ukaanza, na Yanga wakashinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Mechi tano, pointi 15! Bwana wee, nikaota mapembe.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Kuna mshikaji wangu fundi baiskeli pale Masoko, Simba wa kulala na kuamka. Nikamwambia mbele za watu kwamba Yanga watashinda mechi zote za mzunguko wa kwanza, hata sare hatutaki. Akaweka chini spana yake taratibu. "Wakikosa hata moja," akasema, "unavaa jezi nyekundu Jumatatu nzima, hapa hapa sokoni." Tukapeana mkono na kijiwe kizima kikawa shahidi.

Gari likaondoka. Tukapita Mandawa, Kiranjeranje, daraja la Mto Mbwemkuru, Kitomanga. Barabara hii siku hizi ni lami, lakini wazee wetu watakuhadithia enzi ambazo mtu akitoka Kilwa kwenda Dar es Salaam wakati wa mvua aliaga kama anayekwenda Hija. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla ya hapo ilikuwa pantoni, nalo likigoma mnalala ng'ambo na njaa zenu. Ndiyo maana sisi watu wa Kusini mapenzi yetu na timu za Kariakoo yalikuwa ya redioni. Babu yangu aliipenda Yanga maisha yake yote bila kuiona hata siku moja. Aliijua kwa sauti ya mtangazaji tu.

Na si unajua sisi wa Kilwa tulivyo kwa wageni? Tumewazoea. Mwaka 1331 alikuja Ibn Battuta, akaukuta mji wa Kisiwani umenona, akatusifu mpaka leo tunasomwa. Mwaka 1505 wakaja Wareno, hao hawakusifu, walipora. Magofu yaliyobaki pale Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na wageni bado wanakuja kuyapiga picha. Kwa hiyo mgeni kwetu hana jipya. Kazi tunayoiweza kuliko zote ni kumpokea.

Baada ya Mchinga bahari ikajitokeza, na moyo ukaanza kwenda mbio. Lindi ni mji mtulivu uliokaa kwenye mdomo wa ghuba, minazi imeinama, maji yametulia, na ng'ambo unaiona Kitunda. Uliwahi kuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ofisi hazijahamia Mtwara, na ukipita kwenye majengo ya zamani unaona kabisa kwamba hapa palikuwa na wakubwa. Siku hiyo utulivu haukuwepo. Pikipiki zilikuwa zinapiga honi, vuvuzela zinalia, na kila kona ni njano na kijani. Nikajisemea moyoni, leo niko nyumbani.

Nilimkuta mjomba wangu ufukweni, anaunganisha nyavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hujambo? Wa Masoko hawajambo?" Kisha akaiangalia jezi yangu kwa muda mrefu. "Umekuja kuangalia mpira, au umekuja kumsindikiza mgeni?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tukala samaki wa kukaanga na mihogo, tukashushia na chai ya rangi, na njia nzima ya kwenda uwanjani mjomba akawa ananipa darasa. Namungo ni timu ya Ruangwa, mkoa wetu huu huu wa Lindi. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wake wa kwanza tu ikamaliza nafasi ya nne. Agosti 2, 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba kule Sumbawanga, ikafungwa 2-1, lakini ikapata tiketi ya Afrika na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho mwaka 2021. "Nitajie," mjomba akasema, "ni lini mara ya mwisho jina la kutoka huku kwetu limetajwa Afrika nzima na si kwa habari ya njaa wala mafuriko?"

Nikakuna kichwa. Sikuwa na jibu.

Ndani ya uwanja sasa. Msomaji, nilitegemea kuwakuta wenyeji wa Lindi wako upande wao, na sisi wa Yanga tumebanwa pembeni kama wakimbizi. Kumbe ndivyo sivyo! Upande nilioketi karibu wote ulikuwa njano. Walikuwemo wa Lindi, wa Mtama, wa Nachingwea, na hata waliojitambulisha kuwa wa Ruangwa kwenyewe. Namungo walipoingia kupasha misuli walipigiwa makofi ya adabu tu, kama anayopigiwa mgeni rasmi akimaliza hotuba ndefu. Walipoingia Yanga, nusura jukwaa lianguke. Nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Mjomba alikuwa ameketi kando yangu na shati lake jeupe la Ijumaa, mikono juu ya magoti, kimya.

Kipindi cha kwanza kikaisha hakuna mbabe. Kipindi cha pili, Namungo wakapata goli. Nani alipiga na alipigaje sikuona, kwa sababu jamaa wa mbele yangu alikuwa na mwavuli mkubwa kama paa la kibanda, na nilipokuwa nabishana naye ndipo mpira ukaingia. Nilichosikia ni ukimya. Uwanja wenyeji wamefunga goli, halafu kimya! Kisha kutoka kona moja kikatoka kikundi cha vijana na watoto, hawana jezi, wengine pekupeku, wanarukaruka na kuimba. Na kando yangu mjomba alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alipiga makofi matatu, taratibu, kisha akakaa.

Sasa naomba nikwambie siri ambayo kijiweni sijaisema. Katika ule ukimya, kabla akili haijanikumbusha fundi baiskeli na jezi nyekundu, kitu fulani kifuani kwangu kiliruka. Kidogo tu, kama samaki anavyoruka juu ya maji na kuzama tena. Nilijishtukia. Nikatazama huku na huku kama mwizi, nione kama kuna aliyeniona.

Yanga wakaja juu, na dakika zikazidi kwenda. Baadaye mwamuzi akaonyesha penalti, na uwanja ukalipuka. Saido Ntibazonkiza, yule Mrundi mwenye mguu wa dhahabu, akaweka mpira, akapiga, goli. Moja moja. Watu wakakumbatiana, mwavuli ukaruka hewani, mama mmoja akanibusu shavu bila kunijua. Mimi nilisimama nikafungua mdomo, na sauti haikutoka. Nilikuwa nimemwona mjomba anaangalia chini, anachezea kifungo cha shati lake.

Mpira ukaisha hivyo hivyo, 1-1. Watu wa njano tukatoka tumenuna. Nje ya geti mtoto mmoja wa miaka kama kumi, katika wale waliokuwa wanaimba, akanishika mkono.

"Kaka, wewe wa wapi?"

"Wa Kilwa."

"Kilwa si Lindi hii hii? Sasa mbona umenuna?"

Nikamnunulia kashata ili anyamaze. Akaila, na swali lake nikalibeba mimi mpaka Masoko.

Jumatatu nikavaa nyekundu. Ahadi ni deni. Fundi baiskeli alinizungusha soko zima kama ng'ombe wa mnada, kuanzia wauza samaki mpaka wauza mitumba, na wengine walilipia soda ili wapige picha na mimi. Hayo nilivumilia. Kilichonisumbua ni mahesabu, maana mimi darasani, hata kama niliishia kidato cha nne, hesabu haikunipiga chenga.

Twende pamoja. Desemba 11, 2021 Simba na Yanga walikutana Dar es Salaam. Kibanda umiza chetu kilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya makuti. Matokeo 0-0. Baada ya hapo kila timu ilikuwa imecheza mechi nane, Yanga pointi 20, Simba 18. Tofauti pointi mbili. Yanga wangeshinda Lindi, tofauti ingekuwa nne. Miamba ilikutana uso kwa uso na hakuna aliyepunguza kitu. Pengo lao lilikuwa limepunguzwa wiki tatu nyuma, huku kwetu, na timu ambayo nusu ya mkoa wake ilikuwa inamshangilia mgeni.

Ukaja Januari 2022, ligi inakaribia katikati, na mambo yakawa yale yale upande wa pili. Simba wakaenda Mbeya, wakafungwa 1-0 na Mbeya City. Wakaenda Bukoba, wakafungwa 1-0 na Kagera Sugar. Sisi tukaruka, na fundi baiskeli akafunga duka mapema akidai anaumwa tumbo. Lakini mimi nilikuwa nawaza, hivi watu wa Mbeya na wa Bukoba siku ile walishangilia nani?

Maana tumezoea kusema ubingwa unagombewa na Jangwani na Msimbazi. Magazeti yanasema hivyo, redio zinasema hivyo, na mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Ukikaa na karatasi na kalamu unaona mambo mengine. Ubingwa unapikwa mikoani. Wakubwa wakikutana wenyewe kwa wenyewe mara nyingi wanaogopana, wanatoka 0-0, halafu anayeamua nani acheke ni timu ya mkoani yenye wachezaji ambao hata majina yao hatuyashiki. Na timu hiyo ikishuka daraja hatulii, kwa sababu siku ilipokuwa inapigana tulikuwa tumekaa upande wa pili. Wazee wa Lindi wakianza kuizungumzia Kariakoo, timu yao ya zamani, wanaongea kama watu wanaomtaja marehemu.

Nilimpigia mjomba simu usiku ule Simba walipofungwa Bukoba. Nikamwambia haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mjomba, sikukukataza kuipenda Yanga. Baba yangu aliipenda, na mimi naipenda. Lakini wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji afe."

Msimu uliisha Juni 2022 kwa furaha. Yanga bingwa, kombe la 28, mechi 30 bila kufungwa, ushindi 22, sare nane. Masoko tulicheza ngoma mpaka alfajiri, na fundi baiskeli akaja kunipa mkono kiungwana. Lakini kila ninapozitazama zile sare nane najikuta natabasamu, maana ya kwanza kabisa ilitoka Ilulu. Ile ni yetu.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, mimi bado ni Yanga, usije ukanielewa vibaya. Jezi yangu ya njano iko pale pale msumarini. Ila siku Yanga wanapokuja kucheza Lindi, naiacha nyumbani, napanda gari Nangurukuru, nakaa kando ya mjomba. Na nimejinunulia shati langu jeupe.

Alamsiki, tukutane wiki ijayo.