Goma: Mafuta ya kuzuia jua, yanafaa yabaki juu ya ngozi

Kwa mama mhami mwenye mtoto albino, kopo la mafuta ya kuzuia jua si kitu cha urembo. Muji wa Goma uko karibu na ikweta, tena kwenye mita kama 1.500 juu ya bahari, na jua lake linachoma hata siku ya mawingu. Mtoto akipanga foleni ya maji saa sita bila kofia, jioni shingo inawaka. Kuungua kwa namna hiyo mwaka kwa mwaka ndiko kunakoleta kansa ya ngozi.

Mafuta yakikaribia kuisha, kuna wamama wanaoyachanganya na glisirini ama losheni ya kung'arisha, ili yafike mwisho wa mwezi. Anayejua bei ya kopo moja hawezi kuwacheka. Lakini mafuta haya ni kama rangi ya ukuta: ukiyaongezea kitu yanakuwa mepesi, yanaacha nafasi, na jua linapita hapo. Losheni zenye steroidi ni mbaya zaidi, kwani zinapunguza unene wa ngozi yenyewe.

Basi, tuangalie kilicho ndani ya kopo. Alkoholi na propileni glikoli zinalegeza ngozi ya juu na kusaidia dawa nyingine kupenya. Oksibenzoni, ambayo ni dawa ya kunyonya miale ya jua, ni ndogo na inapenda mafuta, kwa hiyo inaingia kwa urahisi. Mwaka 2019 wachunguzi wa serikali ya Marekani walipaka watu 24 mara 4 kwa siku, siku 4. Dawa hiyo na nyingine tatu zilionekana katika damu. Wengine wamefasiri habari hiyo vibaya. Wachunguzi hawakusema ni sumu, na waliomba watu wasiache kujipaka. Madhara ya jua yanajulikana tayari.

Oksidi ya zinki yenyewe inabaki karibu yote juu. Ndiyo ile inayoacha weupe kama chaki, ambayo vijana hawaipendi. Huko Moshi, Tanzania, hutengenezwa mafuta ya KiliSun kwa ajili ya maalbino.

Mafuta yakiwa kidogo, yapakwe bila kuchanganywa kwenye uso, masikio, shingo na mikono. Sehemu nyingine zifunikwe kwa nguo ya mikono mirefu na kofia pana. Mtoto wa chini ya miezi 6 awekwe kivulini, afunikwe kitambaa. Masikio ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi.