Wewe Ndiye Uliyehamisha Umeme?

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, mwaka 2009, ilikuwa kuandika menyu za simu za kitochi. Vodacom walikuwa wameanzisha M-Pesa Tanzania mwaka mmoja nyuma, na kila kampuni mjini Dar es Salaam ilitaka nayo iwe na huduma ya kupiga nyota, namba, na alama ya reli. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja jirani na kituo cha daladala cha Mwenge. Tulikuwa vijana wanne na kompyuta tatu.

Menyu zile zilinifundisha kubana maneno. Ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182, nafasi na alama zote zikiwemo. Kiswahili chetu ni kitamu lakini ni kirefu: "Nunua muda wa maongezi" inakula herufi 22, "Nunua vocha" inakula 11. Nilikaa siku nzima nikipima neno kwa neno, na mpaka leo nikiona sentensi ndefu kwenye kioo cha simu, vidole vinaniwasha niikate.

Jambo la pili nililojifunza pale sikulithamini hadi baadaye sana. Menyu ya kitochi haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye seva, na kila mteja anapobonyeza namba, simu inauliza na seva inajibu. Kwa hiyo ukiongeza huduma mpya saa mbili asubuhi, saa mbili na dakika moja anaiona mtu wa Tunduma na mtu wa Mtwara, bila yeyote kupakua kitu. Wateja waliosajiliwa kama mawakala tuliwaonyesha menyu yao, na wateja wa kawaida yao. Menyu inayobadilika tuliijua kwenye kitochi kabla simu janja hazijajaa mtaani.

Mwaka 2012 nilikwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikanunua Huawei IDEOS iliyotumika, yenye Android 2.2. Nikaanza kujifunza usiku. Programu yangu ya kwanza ilikuwa na menyu ya vipengele vitatu, na kimoja kilitakiwa kubadilika: mteja asiyeingia aone "Ingia", aliyeingia aone "Toka". Kwenye IDEOS ilikwenda vizuri kabisa. Simu ile ilikuwa na kitufe cha menyu chini ya kioo, na kila ukikibonyeza mfumo ulikuwa unaniuliza upya nionyeshe nini. Nikaiweka programu ileile kwenye simu ya rafiki yangu yenye Android 4, ambayo haikuwa na kitufe hicho. Akaingia kwenye akaunti yake, na menyu ikaendelea kumwambia "Ingia".

Siku mbili nilitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo. Kumbe kuanzia Android 3.0 mfumo unahesabu kwamba menyu iko wazi muda wote juu ya kioo, kwa hiyo hauulizi tena mpaka programu yenyewe itamke kwamba mambo yamebadilika. Amri yenyewe ni mstari mmoja, invalidateOptionsMenu. Niliuandika, nikakimbiza programu, "Ingia" ikawa "Toka" mbele ya macho yangu saa tisa za usiku. Furaha ile naikumbuka kuliko mshahara wangu wa kwanza.

Kosa lililofuata lilikuwa baya zaidi, na nimeliona kwa karibu kila kijana niliyemfundisha. Nilikuwa natambua vipengele kwa nafasi zake: cha kwanza ni salio, cha pili ni kutuma pesa, cha tatu ni kutoa. Siku tuliyoficha "Salio" kwa wateja ambao hawajasajiliwa, vyote vilisogea hatua moja, na mtu akibonyeza "Tuma pesa" anafunguliwa ukurasa wa salio. Daladala pale Mwenge hakuna anayeitambua kwa kuhesabu ni ya ngapi kwenye foleni. Unasoma ubao wa mbele, Kariakoo au Posta, unapanda. Kipengele cha menyu nacho kinataka ubao wake: kitambulisho kimoja kisichobadilika, hata kikisogezwa, hata jina likiandikwa upya.

Mwaka 2014 nilihamia kampuni nyingine, kutengeneza programu ya malipo. Pale ndipo masomo ya kitochi yalinifaa. Menyu ikipikwa ndani ya programu, kila badiliko linamtaka mteja apakue toleo jipya, na mteja wetu alikuwa na bando la siku na simu iliyojaa picha za watoto. Hapakui. Basi tukairudisha menyu kwenye seva. Programu ikifunguliwa inaomba orodha, seva inatuma faili dogo la JSON lenye kitambulisho cha kila kipengele, jina lake, picha yake, na toleo la chini kabisa la programu linaloweza kukifungua. Programu ya zamani ikikutana na kipengele isichokijua, inakiruka kimya kimya. Orodha inahifadhiwa kwenye simu, mtandao ukikatika mteja anatumia ile ya mwisho. Tulisahau kitu kimoja: mtu aliyefungua programu kwa mara ya kwanza bila mtandao alikuta ukurasa mweupe. Toleo lililofuata tuliliwekea orodha ya akiba ndani.

Mwanzoni mwa 2015 ukaja uamuzi ambao sitausahau. Tulikuwa na vitufe sita, vitatu juu na vitatu chini. Juu: Tuma, Toa, Umeme. Chini: Vocha, Maji, Ving'amuzi. Ikapendekezwa kwamba seva ihesabu kila mteja anatumia nini zaidi, kisha ipange vitufe kwa wingi wa matumizi. Niliandika kazi ile kwa mikono yangu, na niliiamini. Sikuwa nimesoma kwamba Microsoft walishaweka menyu za namna hiyo kwenye Office 2000, zikificha amri ambazo mtu hazitumii sana, na kwamba Office ya 2007 iliziacha ilipoleta utepe mpya.

Wiki mbili baadaye malalamiko ya vocha yalianza kumiminika. Nikatumwa kumwona mteja mmoja Mabibo, mama lishe aliyekuwa amepiga simu mara nne. Nilimkuta akikanda unga wa chapati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe ndiye uliyehamisha umeme?"

Alifuta vidole kwenye kanga, akachukua Tecno aliyoachiwa na mwanawe, akanionyesha. Hakuangalia maneno. Kidole gumba kilishuka moja kwa moja kwenye kitufe cha tatu, mwisho wa mstari wa juu, upande wa kulia. "Herufi zinanipiga chenga, mwanangu. Namba nazijua. Mjukuu alinifundisha: cha tatu, weka pesa, weka namba ya siri, subiri tarakimu ishirini za LUKU."

Mama huyu alinunua vocha za mia tano karibu kila siku, na umeme mara moja kwa wiki. Hesabu yangu ilikuwa imevibadilishana vitufe hivyo. Kurasa zenyewe zilifanana: kiasi, namba ya siri, thibitisha. Uniti zilimwishia Jumamosi usiku, akabonyeza cha tatu, akaweka shilingi 10,000. Tarakimu hazikuja. Akadhani ni mtandao, akarudia. Shilingi 20,000 ziligeuka muda wa maongezi, na friza lilizima na samaki wa Jumapili ndani.

Nilitoa elfu ishirini mfukoni nikaziweka mezani. Alizisukuma kurudi kwangu, zikiwa na alama ya unga. "Pesa yako kaa nayo. Umeme urudishe mahali pake."

Nilirudi ofisini na daladala, nimesimama, sikuona hata tulipopita. Kazi yangu ilikuwa imemnyang'anya mtu kitu alichokijenga mwenyewe kwa miezi: mkono unaojua njia. Nilifuta mpangilio ule jioni hiyohiyo kabla sijaomba ruhusa, kisha nikaandika barua ndefu kueleza kwa nini.

Tulichojenga baada ya hapo ndicho ninachokijenga hadi leo. Vitufe sita vya juu vina nafasi za kudumu, na seva haina mamlaka ya kuzigusa. Chini yake kuna mstari mmoja unaobadilika, wenye malipo ya karibuni, huduma mpya, na vipengele vya mawakala. Huduma ikiwa na hitilafu, kitufe chake kinafifia palepale kilipo. Hakiondoki ili jirani yake akalie kiti chake. Ukurasa wa kuthibitisha umeme una picha kubwa ya balbu, wa vocha una picha ya simu, na rangi zake hazifanani.

Nimekuwa nikiwafundisha vijana kazi hii kwa miaka mingi sasa. Wananiuliza kuhusu lugha za programu na mifumo mipya, na ninawajibu. Lakini kabla hawajaandika menyu yao ya kwanza nawatuma mtaani wakakae na mtu mmoja asiyesoma, watazame kidole chake nusu saa bila kumwelekeza. Wengine hurudi wamefuta nusu ya michoro yao.

Programu ile bado iko hewani. Imeshabadilishwa rangi mara tatu na kuandikwa upya yote mara moja. Umeme ni kitufe cha tatu, mwisho wa mstari wa juu, upande wa kulia, na hakijahama tangu Machi 2015.