Mizani ya Ofisini

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waama, mwili wa mwenzako kazini ni kitanda cha aina hiyo. Katika ofisi nyingi za Marekani, hasa baada ya kipindi cha runinga cha The Biggest Loser kuanza mwaka wa 2004, wafanyakazi wamekuwa wakishindania kupunguza uzani. Hupanda mizani mbele ya wenzao, na aliyepungua zaidi hutuzwa. Anayejitenga huonekana mvunja umoja, ilhali huenda ana ujauzito ambao hajautangaza, au maradhi asiyotaka yajulikane.

Fauka ya hayo, ushindi wenyewe aghalabu haudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 uliwafuatilia washiriki 14 wa kipindi hicho: kwa wastani kila mmoja alikuwa amepunguza kilo 58, na miaka 6 baadaye kilo 41 zilikuwa zimerudi.

Basi anayealikwa hadaiwi maelezo. "Ahsante, sitashiriki" ni jibu kamili. Naye msimamizi anayejali afya ya wafanyakazi na awape muda wa kutembea adhuhuri, wala asiwaulize kilo zao. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.